Katikati ni Sifuri

Ukingoni mwa jukwaa wamepiga chapa za namba,
nyeupe, kama futi ya fundi cherehani:
katikati ni sifuri,
kisha mbili, nne, sita, hadi kumi na mbili kila upande.
Watazamaji hawazioni. Sisi tunaishi kwa hizo.
Bethan husimama nne kushoto akimlilia mwanajeshi wake.
Callum hupita sita kulia na trei ya glasi za plastiki.
Mimi sina namba.
Mimi ni mchezaji wa akiba,
ninazo zote, ndani ya daftari lililochakaa pembe,
watu tisa kwa kalamu tisa za rangi,
na wa kumi kwa penseli, maana nimepewa juzi.

Wiki ya ishirini na tatu. Sunderland.
Naamka saa nne asubuhi nyumbani kwa Bi Ruddick,
anayepangisha watu wa jukwaani tangu mumewe afariki
na aliyekwisha kuacha kuniuliza mbona siitiki salamu.
Sauti haijaamka bado.
Najifukiza, taulo kichwani, uso juu ya bakuli,
kisha naanza na midomo, brrr, brrr,
paka wake anatimka.
Ngazi nazishuka kinyumenyume:
goti la kushoto limenizidi umri.

Saa kumi simu inalia: Callum kateguka kifundo.
Saa kumi na robo: Bethan anatapika.
Saa kumi na nusu ni Dougie, msimamizi wa jukwaa,
kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo:
"Nerys, ungeweza kuwa wote wawili?"

Kufa kufaana, husemwa.
Hapa tunafaana kwa kutapika,
halafu tunampelekea mgonjwa biskuti za tangawizi
na aibu kidogo.

Mama amepanda treni kutoka Llanelli mara tatu.
Mara zote tatu, kila mtu alikuwa mzima kama chuma.
Alikaa nami baadaye akila chipsi,
akiwasifu wenzangu kwa majina.

Basi leo ninakata huku, ninaunga kule:
mhudumu atoke na trei kabla mwanajeshi hajaaga,
sekunde arobaini na moja,
na Pauline, mvishaji, kapiga magoti gizani,
tochi mdomoni, pini begani, zipu mkononi.
Suruali ya Callum inavuka kichwa changu, sijui ilipitaje.
Maikrofoni imebandikwa pale nywele zinapoanzia,
betri yake kiunoni imevalishwa kondomu isilowe jasho.
(Hili sijawahi kumwambia Mama.)
Gauni. Wigi. Kiatu, kimoja cha Bethan, kimoja changu.
"Nenda," anasema Pauline, na kunisukuma mgongoni
kama anayeingiza mtoto darasani.

Nne kushoto.
Taa inanipiga, bendi inanisubiri,
mwanajeshi, ambaye ni Tomos mwenye mkopo wa gari,
ananiangalia, anaangalia mkono wangu,
macho yanamtoka.
Trei.
Glasi sita, hata moja haijaanguka.

Ufanyeje? Ngoma haimngoji mchezaji kushangaa.
Nikalia na trei yangu.
Nikaishika kifuani kama kitu alichoniachia,
nikapandisha ile noti ya juu
ambayo huwa naifanyia mazoezi bafuni kwa hofu ya majirani,
na safu ya tatu mama mmoja wa makamo
akatoa leso.

Ripoti ya Dougie, saa tano usiku:
*Dakika tatu za ziada. Mlango wa bafe ulikwama.
Trei ilionekana msibani. Kesho isionekane.*

Kesho kuna mawili, mchana na jioni.
Nafua soksi ndefu kwenye sinki la Bi Ruddick,
pakiti ya njegere za barafu juu ya goti,
maharage baridi moja kwa moja kutoka kwenye kopo.
Ile karatasi ndogo waliyoichomeka kwenye programu,
*leo nafasi ya … itachezwa na …*,
wamekosea jina langu, wameandika Norris.
Nafungua daftari, ukurasa wa Bethan, kalamu ya zambarau.
Pembeni, kwa penseli:
weka trei chini.
Halafu nafuta. Halafu naandika tena.